Kigingi cha Laxton

Walishuka kwenye tela la trekta mmoja mmoja, wamevaa mabuti ya mpira na makoti mazito, na mmoja wao kakumbatia vigingi vya mbao kama mtu aliyetoka kuokota kuni. Mwingine alishika nyundo. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, baridi ya kuuma masikio, na mbele yao kulikuwa na ngano iliyokuwa ndiyo kwanza imechomoza, majani membamba yasiyozidi urefu wa kidole. Ngano yenyewe hawakuitazama sana. Walitazama chini, pale shamba linapokutana na njia ya majani. Mmoja akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja, akaangalia kutoka kichwani mwa shamba hadi mwisho wake, kama fundi anavyoangalia ukuta kama umenyooka. Akatikisa kichwa. Plau ilikuwa imekula njia.

Hakuna aliyepaza sauti. Walijadiliana kidogo, wakaangalia tena, kisha kigingi kikasimamishwa pale plau ilipopaswa kukomea na nyundo ikashuka mara nne au tano. Jina likaandikwa kwenye daftari. Wakapanda tela, wakasogea kwenye ngwe inayofuata.

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na mfanyakazi mwenzangu aliyenileta, mikono mfukoni, na machozi yakaanza kunilengalenga. Ilibidi nimweleze, maana alidhani naumwa. Baba yangu alimaliza miaka sita ya mwisho ya maisha yake kwenye kesi ya hatua mbili za ardhi. Hatua mbili, kule kwetu Kilimanjaro, kwenye mpaka wa chini wa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kati yake na mdogo wake wa tumbo moja. Masale, mimea tunayoipanda kuwa alama ya mpaka, yaliyokuwa yamesimama pale tangu enzi za babu yaling'olewa, na hadi leo sijui na nani. Baraza likakaa, likashindwa. Wakapanda ngazi nyingine, na huko kesi ikapigwa kalenda mpaka tukazoea: jalada halionekani, mjumbe mmoja anaumwa, rudini mwezi ujao. Baba akafariki kabla ya hukumu. Baba mdogo alikuja msibani, akakaa nyuma kabisa, akaondoka bila kuonja chakula.

Kwa hiyo niliposikia kwamba England kuna kijiji ambacho kila mwaka watu wazima wanaacha kazi zao siku nzima kwenda kuangalia mipaka ya majirani, sikusikia kama mtalii. Nilisikia kama mtoto wa mzee yule.

Laxton ni kijiji kidogo cha Nottinghamshire, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka Nottingham ninakoishi. Anayetafuta Uingereza ya kwenye kalenda, ile ya nyumba za mawe, paa za nyasi na waridi mlangoni, hatapata anachokitafuta. Nyumba nyingi ni za matofali mekundu, na kadhaa zimeipa barabara ubavu: upande mwembamba ndio unaotazama wapita njia, na ua wenye mabanda na mazizi uko nyuma. Mara ya kwanza nilipofika, mwezi Juni, nilizunguka nusu saa nikamuuliza mwenzangu, 'Ndiyo hapa?' Kuna kanisa, kuna baa iitwayo Dovecote Inn, kuna zizi la zamani la kufungia mifugo iliyopotea mpaka mwenyewe aje kuikomboa. Basi.

Mwenzangu, aliyekulia jirani na mji wa Newark, akaniambia nihesabu mashamba. 'Mashamba gani?' nikauliza. 'Hizo nyumba,' akasema. 'Karibu kila moja unayoiona hapa barabarani ni, au ilikuwa, nyumba ya mkulima.' Hapo nikaanza kuona. Sehemu kubwa ya England, nyumba ya mkulima imejitenga katikati ya ardhi yake, peke yake, jirani wa kwanza umbali wa kutembea. Laxton wakulima wamepangana bega kwa bega kijijini kama sisi kwetu, kwa sababu ardhi ya kila mmoja haiko mahali pamoja. Imetawanyika pande zote za kijiji, na mahali pa kati pa kuifikia yote ni hapo hapo kijijini. Ramani ya nyumba inatokana na ramani ya mashamba.

Halafu tukatoka nje ya kijiji, na kitu kikanigonga kabla sijajua ni nini. Hakuna ua. Yeyote aliyesafiri kwa treni nchini humu anaijua sura ya mashambani kwao: vipande vya kijani vilivyogawanywa na nyua za miti ya miiba, kama kitenge cha viraka. Pale Laxton jicho linakwenda. Ardhi inapanda na kushuka taratibu, na juu yake kuna mistari mirefu ya mazao tofauti, imelala sambamba bila uzio wala waya. Kiswahili kina neno lake, na ni neno zuri: ngwe. Ngwe ni kamba ya kupimia, na ngwe ni kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba hiyo. Waingereza wanahitaji maelezo marefu kuwaeleza watoto wao jambo hili. Bibi yangu angelielewa kwa neno moja.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kuna mashamba makubwa matatu: West Field, South Field na Mill Field, yaani la magharibi, la kusini na la kinu, ingawa kinu chenyewe hakipo tena. Kila shamba kubwa limegawanywa ngwe, na mkulima wa Laxton ana ngwe katika yote matatu. Mwaka mmoja shamba zima linapandwa ngano ya majira ya baridi. Mwaka unaofuata shamba hilo hilo linapandwa mazao ya masika, kama shayiri au maharage. Mwaka wa tatu linapumzishwa. Wakati huo mengine mawili yako kwenye zamu zao, ili kila mwaka kijiji kiwe na shamba moja la ngano, moja la mazao ya masika na moja lililolala. Huwezi kuamka asubuhi ukaamua kwamba wewe mwaka huu unapanda ngano kwenye shamba lililolala. Jirani wa kulia na wa kushoto wako kwenye zamu hiyo, na wewe uko nao.

Mtaalamu wa kilimo atakwambia kwamba kuwa na vipande huku na huku ni hasara: muda wa kutembea, mafuta ya trekta, kona za kugeuzia. Ni kweli, na wakulima wenyewe wa Laxton hawakatai. Lakini sisi tuliokulia mlimani tunajua upande wa pili. Kihamba kiko juu, kwenye migomba na kahawa. Shamba la mahindi liko chini tambarare. Mwaka ambao mvua inachelewa kule chini, ndizi za juu zinabeba nyumba. Laxton nako kuna udongo mzito unaotuama maji na kuna migongo inayokauka haraka, na mwenye ngwe pande zote hapati bahati yote wala balaa lote. Aliyegawa ardhi hivi zamani sana hakuwa mjinga. Alikuwa anagawa udongo mzuri na mbaya kwa watu waliokuwa wanajuana.

Na umbo la ngwe lina sababu yake. Maksai waliofungwa kwenye plau ni wepesi kwenda mbele, ni wagumu kugeuka. Kwa hiyo ukilima kwa maksai unataka mstari mrefu na kona chache. Ekari ya Kiingereza ya zamani ilikuwa kipande cha yadi 220 kwa 22, na desturi ilikihesabu kuwa kazi ya siku moja ya plau. Nilipofanya hesabu hiyo usiku nilicheka peke yangu. Kwetu kila mkulima anajua ekari ni hatua sabini kwa sabini. Tumelichukua neno lao, tukalifanya mraba kwa sababu tunalima kwa jembe la mkono na jembe halina shida ya kugeuka. Yadi 220 mara 22 ni 4,840. Sabini mara sabini ni 4,900. Miguu ya wazee wetu, bila utepe wala mpimaji, imekosea kidogo sana! Tangu siku hiyo, kila ninaposikia mtu anasema 'ekari mbili na nusu' naona maksai wanahema mwishoni mwa mfereji, na kijana anawashika pembe awageuze.

Ngwe za leo ni pana kuliko zile za maksai. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwenye ardhi, Earl Manvers, aliziunganisha ndogondogo ziwe chache na kubwa zaidi, na sehemu nyingine ya mashamba ya wazi imeshazungushiwa ua zamani. Zilizobaki ni ekari zisizofika 500. Kwa hiyo asije mtu akadhani Laxton ni kitu kilichoganda. Kimepunguzwa, kimebadilishwa, kimeingiliwa na trekta na mbolea ya viwandani. Kilichobaki ni makubaliano.

Tunajua kilivyokuwa kwa sababu ya ramani. Mwaka 1635 mmiliki wa kijiji, Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London, alimwajiri mpimaji aitwaye Mark Pierce. Pierce alipima kila ngwe, akaandika iko wapi na inashikwa na nani. Ramani yake iko katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na nakala nimeiona. Nilidhani nitaona mistari na namba. Ziko, lakini katikati ya mistari Pierce amechora watu wadogo: wanaolima kwa plau, wanaovuna, wawindaji na mbwa wao. Nilikaa muda mrefu kwa yule wa plau. Ni mdogo kuliko ukucha, na amepinda mgongo vilevile wanavyopinda watu wote wanaoshika plau duniani. Niseme na hili, kwa sababu ni sehemu ya ukweli: meli za Courten huyohuyo ndizo zilizopeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza Barbados mwaka 1627. Mtu aliyetaka kujua kila ngwe ya Laxton inashikwa na nani, ng'ambo ya bahari alifungua mlango wa mashamba ambayo baadaye yalilimwa na Waafrika walioibwa makwao. Mambo hayo mawili yako kwenye jina moja na siwezi kulitaja moja nikaliacha la pili.

Vijiji vya namna ya Laxton vilijaa katikati ya England. Vilikwenda wapi? Vilizungushiwa ua, na vingi kwa sheria. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ardhi ua, ekari milioni 6.8 hivi, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England nzima. Wapimaji walikuja na minyororo yao, ngwe zikakusanywa, kila mwenye haki iliyoandikwa akapewa kipande chake kimoja, ua ukapandwa. Aliyekuwa na haki isiyoandikwa, ya kulisha ng'ombe mmoja kwenye majani ya wote, ya kuokota kuni, ya kuokota masuke baada ya mavuno, mara nyingi alibaki na mikono mitupu, akaenda kutafuta kibarua kwa mwenye ua au mjini kwenye viwanda. Zile nyua nzuri za miti ya miiba zinazopigwa picha, nyingi za mikoa hii ya kati zilipandwa wakati huo. Nilikaa nchi hii miaka nikiziona ni za tangu na tangu. Kumbe ni alama za mahali watu walipotolewa.

Laxton iliponea chupuchupu. Ardhi yake ilikuwa imegawanyika kati ya mabwana wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na kuelewana kwao kulichukua muda mrefu mno. Walipofika mahali pa kuelewana, bei za nafaka zilikuwa zimeanguka, na hakukuwa na faida ya kugharimia wapimaji na maili za ua. Ugomvi wa wakubwa ukawaokoa wadogo. Kwetu tunasema tembo wakipigana zinazoumia ni nyasi. Hapa nyasi zilipona.

Sasa nirudi kwenye kigingi, maana ndicho kilichonileta kwenye kuandika.

Baraza la Laxton linaitwa Court Leet. Ni mahakama ya zamani za mabwana wa ardhi, ya aina iliyokuwa kila mahali England. Mwaka 1977 sheria iliyavua mabaraza hayo mamlaka yake ya kuhukumu. La Laxton likaachiwa. Kila mwaka wanateuliwa waamuzi miongoni mwa wakulima wenyewe, na mmoja wao anakuwa msimamizi. Wanakagua lile shamba kubwa lililotoka kupandwa ngano, ngwe kwa ngwe: nani plau yake imekula njia, nani amelima majani ya wote, nani ameacha mfereji uzibe. Penye kosa wanapiga kigingi. Wakimaliza wanakwenda baa, wanakula pamoja, wanakubaliana orodha ya makosa na faini. Baada ya siku chache Court Leet inakaa, hapohapo Dovecote Inn, mbele ya mwakilishi wa mwenye ardhi; orodha inasomwa, faini inalipwa, na waamuzi wa mwaka unaofuata wanaapishwa. Mwaka ujao ni zamu ya shamba jingine kupandwa ngano, na hivyo ni zamu yake kukaguliwa.

Faini yenyewe ni pauni chache. Nilimuuliza mzee mmoja mkulima, siku ile ya Novemba, kama pauni chache zinamtisha mtu mwenye trekta ya maelfu. Alikuwa anafuta matope kwenye buti kwa kijiti. 'Si pesa,' akaniambia. 'Ni kusomwa jina mbele ya watu utakaokutana nao kesho.' Kisha akaongeza, taratibu, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupigiwa kigingi mwaka ambao alikuwa mwamuzi. Wenzake walisimama kwenye ngwe yake wakamtazama, na yeye ndiye aliyesema, 'Pigeni.'

Jioni ile nilimpigia mama. Nikamweleza yote, tela, nyundo, daftari. Akauliza, 'Nani aliyeshtaki?'

'Hakuna aliyeshtaki, mama. Wanakwenda tu. Kila mwaka.'

'Hata kama watu wanaelewana?'

'Hata kama wanaelewana.'

Alinyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. 'Sisi tunasubiri mpaka watu washikane mashati,' akasema.

Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya jambo lolote nililosoma kuhusu Laxton. Nchini kwetu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua Baraza la Ardhi la Kijiji la watu 7, watatu wao wanawake. Ni jambo jema, na nimeona wajumbe wa mabaraza hayo wakikaa juani bila posho kusuluhisha watu. Lakini baraza linaitwa pakishaharibika. Linaletewa maneno ya watu wawili waliokwisha kuchukiana, na mpaka ambao masale yake yameng'olewa. Laxton baraza linakwenda shambani wakati hakuna ugomvi, wakati kosa ni upana wa mfereji mmoja wa plau, wakati aliyekosa bado anaweza kucheka na kunywa na waliomkamata. Kama mwaka ule masale yalipong'olewa kungekuwa na siku ya namna hiyo, wazee watano wakapita na kamba, zile hatua mbili zingekuwa nusu hatua, na baba angelipa mbege, pombe yetu ya ndizi, tukaendelea na maisha. Hili naliamini kabisa.

Kuna jambo jingine, na hili linanichoma. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuza Laxton kwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza. Serikali iliinunua kwa nia ya kuuhifadhi utaratibu wa ngwe, kwa sababu ulikuwa umekwisha kupotea kwingine kote na wasomi walisema ni hazina. Hivyo serikali ya Uingereza, kwa fedha za umma, ikawa mlinzi wa vipande vilivyotawanyika na wa baraza la wakulima wanaoamuana wenyewe.

Miaka miwili baadaye, 1954, serikali ya kikoloni ya Uingereza huko Kenya ilitangaza mpango uliobeba jina la ofisa wake Roger Swynnerton, mtu aliyekuwa amefanya kazi Tanganyika pia, pamoja na Kilimanjaro kwetu. Mpango ule ulisema vipande vilivyotawanyika vya Waafrika ni adui wa maendeleo: vikusanywe, vipimwe, kila mtu apewe kipande kimoja na hati. Katika nchi ya Wakikuyu kazi hiyo ilifanywa kwa haraka wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, wanaume kwa maelfu wakiwa kizuizini, wasiweze kusimama kwenye ngwe zao na kusema, 'Hii ni yangu, na mpaka ni ule mti.' Babu wa rafiki yangu mmoja wa Nyeri alirudi kutoka kizuizini akakuta ardhi yake imeingia ndani ya kipande cha mtu mwingine, na karatasi imeshapigwa mhuri. Najua waliopata hati walipanda kahawa na wakasomesha watoto, sikatai. Lakini ni serikali ile ile, na ni miaka ile ile. Nottinghamshire vipande vilivyotawanyika vilikuwa urithi. Nyeri vilikuwa ujinga. Na baraza la wazee wanaojua kila mti, lililokuwepo huku na kule, huku likaachiwa nyundo yake na kule likanyang'anywa.

Sina chuki na wakulima wa Laxton kwa hilo. Hawakuulizwa. Wao walikuwa wanalima.

Yako mengine ya kuona kijijini na yanafaa mchana mmoja. Kaskazini ya kanisa kuna kilima cha ngome ya Wanormani, cha kurundikwa kwa mikono ya watu, sasa kimeota majani na kondoo. Ndani ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli kuna sanamu ya mwanamke aliyelala, ya karne ya 14, ya mti wa mwaloni, imekaa pamoja na za mawe za jamaa zake waliokuwa wasimamizi wa msitu wa Sherwood. Nilimgusa mkono, na mti ulikuwa na joto kuliko jiwe.

Lakini kama ni kwenda mara moja tu, nenda Juni, uache barabara, ufuate njia ya majani mpaka bondeni kati ya ngwe. Kuna vipande ambavyo plau haikupita kamwe: ni vya maji maji, au mteremko ni mkali, au kona haikutosha maksai kugeuka. Nyasi zake zilikuwa za wote, na zilikatwa kuwa chakula cha mifugo. Havijapinduliwa wala kunyunyiziwa dawa, na sasa vinalindwa kisheria kwa ajili ya maua yake. Nilipiga magoti. Katika eneo la ukubwa wa khanga niliyokuwa nimetandika nilihesabu aina 11 za maua, mengine madogo kama punje ya mtama, ya njano, ya zambarau, na moja jeupe lenye mishipa ya kijani. Nyuki walikuwa wengi kiasi kwamba ardhi ilikuwa inavuma. Hatua tatu kutoka pale ilianza ngano, kijani kimoja, kimya. Kigingi cha mwaka uliopita kilikuwa bado kimesimama mpakani, kimepauka kwa jua na mvua. Ndipo nilipoelewa kinalinda nini. Plau ikila nusu hatua kila mwaka, bila mtu kusema, baada ya miaka 20 bonde lile halipo.

Wizara iliuza kijiji mwaka 1981 kwa Crown Estate, shirika linalosimamia ardhi ya Taji, na mwaka 2020 shirika hilo nalo likakiuza kwa Thoresby, mali ya ukoo ule ule wa akina Manvers. Kabla ya mauzo hayo wakulima walikuwa na wasiwasi sana, na mzee yule wa buti hakunificha kwamba bado anao. Wanaoshika ngwe hawafiki 20. Vijana wanatafuta kazi mijini, na faida ya ngano ni ndogo. Waamuzi wanatoka miongoni mwa wakulima. Wakulima wakiisha, hakuna wa kushika nyundo, hata sheria iseme nini. Kibao cha urithi kinaweza kutundikwa ukutani, lakini kibao hakiwezi kufumba jicho moja kikaona kama mpaka umepinda. Naumia nikilifikiria hilo, kama ninavyoumia nikifikiria nani kijijini kwetu bado anajua majina ya mipaka yote.

Siku ile ya Novemba, tela lilipokwisha kuondoka na mwanga umeanza kupungua, nilishuka hadi kwenye kigingi kile cha kwanza nikakipiga picha, na pembeni yake nikaweka mguu wangu ili ukubwa uonekane. Nikamtumia mama. Kesho yake akanijibu kwa sauti, kama anavyofanya siku zote, maana kuandika kunamchosha macho.

'Nimekiona kigingi chenu. Kifupi hivyo?' Akacheka. Kisha akasema kwamba kule chini yale masale machache yaliyobaki yalikauka kwenye kiangazi, na kwamba juzi asubuhi alisikia mtu anapiga hodi, akadhani ni muuza maziwa. 'Ni baba yako mdogo. Kaja na miche ya masale kwenye ndoo, na kamba. Kaniambia, shemeji, njoo unishikie upande wa pili.'